"Sijambo" ya Mzee Mgonjwa: Upokezi wa Filamu Mbili za Bi Kidude kwa Mtazamaji Anayesikia Kiswahili

Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alifariki dunia Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa hakika. Yeye mwenyewe aliuhesabu umri wake kwa matukio na kwa sarafu, akiutaja wakati wa rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Miongoni mwa filamu zilizotengenezwa kumhusu, mbili ziliongozwa na mtu mmoja, Mwingereza Andy Jones. Ya kwanza, As Old As My Tongue, ilitoka mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya msanii huyo kupewa tuzo ya WOMEX, na ilimwonesha akiwa katika kilele cha umaarufu wa uzeeni: jukwaani Ulaya, nyumbani Unguja, katika taarabu na katika ngoma ya unyago, sigara mkononi. Ya pili, I Shot Bi Kidude, ilitoka mwaka 2015, naye alikwisha kuzikwa. Filamu hii haifuati njia ya wasifu. Inaanza na habari zilizosambaa mwaka 2012 kwamba bibi huyo ametekwa, yaani ameondolewa kwake na kufichwa na jamaa yake, na inamfuata mwongozaji anayerudi Zanzibar kutafuta ukweli. Ina umbo la upelelezi, na mpelelezi ni yule yule aliyeshika kamera.

Makala haya yanahusu namna filamu hizi, hasa ya pili, zinavyopokewa. Lawama nyepesi inayoweza kutolewa dhidi ya I Shot Bi Kidude ni kwamba si filamu ya Bi Kidude, ni filamu ya Mzungu aliyemtafuta Bi Kidude. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na itarejewa. Hata hivyo, inayodaiwa hapa ni hoja nyingine. Ugomvi mkubwa baina ya filamu hii na hadhira yake unatokana na lugha. Mtazamaji anayemsikia Bi Kidude na mtazamaji anayemsoma katika maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha hawaangalii filamu moja, na katika filamu inayouliza kama mzee amedhulumiwa au ametunzwa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani ataonekana mkosaji.

Upeo uliorithiwa kutoka katika wasifu

Nadharia ya Upokezi, kama ilivyojengwa na Hans Robert Jauss kuanzia mwaka 1967, inashikilia kwamba hadhira haiikabili kazi ya sanaa ikiwa tupu. Inakuja na upeo wa matarajio, yaani jumla ya yale iliyokwisha kuyasoma, kuyaona na kuyazoea katika utanzu husika. Tahakiki nyingi za fasihi ya Kiswahili zimeitumia nadharia hii kwa riwaya na tamthilia. Kwa filamu imetumika kidogo, na mara nyingi kwa kudhani kwamba mtazamaji ni msomaji mwenye macho makubwa zaidi.

Je, mtazamaji wa Kiswahili anakuja na matarajio gani anapoambiwa kwamba ataoneshwa maisha ya mwimbaji mashuhuri? Jibu halipatikani katika sinema kwanza, linapatikana katika maandishi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka Fumba akiwa maskini, akaingia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Kitabu hicho kimesomwa na vizazi kadhaa shuleni na vyuoni, na kimeweka mfano ambao ni vigumu kuukwepa. Mwimbaji anazaliwa katika dhiki, anadharauliwa, anavumilia, kipaji chake kinashinda, tabia yake njema inathibitika, anakufa akiheshimiwa. Msomaji anakifunga kitabu akiwa na la kuiga. Vipindi maalumu vya redio na televisheni vinavyotolewa msanii anapofariki hufuata njia hiyo hiyo, kwa haraka zaidi na kwa machozi zaidi.

As Old As My Tongue inaugusa upeo huo bila kuuvunja. Ni kweli kwamba Bi Kidude hakuwa Siti. Alivuta sigara mbele za watu, alikunywa, na ngoma ya unyago, ambayo katika pwani ni mambo ya wanawake na ya faragha, aliitoa hadharani. Mtazamaji mwenye kushika dini au mila angeweza kuudhika, na wengi waliudhika naye hata kabla ya filamu yoyote kutengenezwa. Lakini mpangilio wa filamu ya 2006 bado unamwokoa, kwa kuwa unamtoa katika kijiji cha Mfagimaringo, unapita katika ndoa alizozikimbia na safari zake za miguu bara, na unamfikisha kwenye makofi ya kumbi za kigeni. Anayemlaumu kwa sigara anaweza kumsamehe kwa ushindi. Hata jina la filamu, ambalo ni msemo wa Kiingereza wa kumkwepa mtu anayeuliza umri kwa kumwambia kwamba una umri sawa na ulimi wako, lina utani wa kikongwe ambao Mswahili anautambua mara moja ingawa msemo wenyewe haukuzaliwa kwake.

Filamu ya 2015 inamnyima mtazamaji njia hiyo ya kutokea. Hakuna kupanda. Mzee yuko mwisho wa maisha yake, na watu wanamgombania. Upande mmoja wapo jamaa wanaosema ameumwa, amezeeka, amenyonywa na watu wa muziki, aachwe apumzike. Upande wa pili wapo watu wa muziki wanaosema kuimba ndiko uhai wake na kwamba kumtoa jukwaani ni kumzika akiwa hai. Hapa mtazamaji aliyelelewa na wasifu hana la kuiga. Anatakiwa awe hakimu, tena katika kesi ya nyumba ya watu. Malezi ya Kiswahili yanamfundisha mtu kinyume chake: ya nyumbani hayatolewi uani. Kwa hiyo, mtazamaji akinung'unika kwamba filamu haina heshima, si lazima awe anatetea sifa ya Bi Kidude. Huenda anajitetea yeye mwenyewe, kwa kuwa ameingizwa chumbani mwa mgonjwa bila kubisha hodi.

Kupigwa

Kabla ya picha ya kwanza kuonekana, jina la filamu ya pili limekwisha kugawa hadhira. Kwa Kiingereza ni utani wa maana mbili, kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba kupiga picha na kupiga risasi. Msomaji wa Kiingereza anaanza na risasi, anashtuka, kisha anatulia anapogundua kwamba ni kamera. Ndiyo kazi ya utani wa namna hii: unatisha kidogo ili ufariji.

Kiswahili nacho kina kitenzi chenye mizigo mingi, tena mingi zaidi. Mtu hupigwa picha, hupigwa risasi, simu hupigwa, hodi hupigwa, ngoma hupigwa. Lakini kitenzi hicho kikiachwa peke yake na mtu akawa mtendwa, maana inayotangulia ni ya mkono na fimbo. Nilimpiga Bi Kidude. Mswahili anayelifasiri jina hilo kichwani mwake hapati mshtuko unaofuatwa na faraja. Anapata ungamo la mtu aliyempiga bikizee. Aidha, anapata kejeli ambayo Kiingereza hakiwezi kuitoa: mwanamke aliyeishi kwa kupiga, aliyeifunga ngoma kiunoni na kuipiga kwa mikono miwili mbele ya wali, sasa ndiye anayepigwa. Hakuna ushahidi unaohitajika kuthibitisha kwamba mwongozaji alikusudia maana hiyo. Katika upokezi kusudi la mtunzi si mpaka wa maana, na Stuart Hall alipoeleza mwaka 1973 kwamba ujumbe unaofumbwa upande mmoja unaweza kufumbuliwa kwa njia nyingine kabisa upande wa pili, alikuwa anazungumzia televisheni ya Uingereza, mahali ambapo angalau lugha ni moja.

Jina la msanii nalo lina mgawanyiko wake. Inasimuliwa kwamba aliitwa Kidude kwa udogo wake alipozaliwa. Tafsiri ya Kiingereza hulifanya jina hilo kuwa kitu kidogo, na likaonekana la kupendeza. Katika Kiswahili, dude ni kitu ambacho mtu hakijui jina au hataki kulitaja, na kiambishi cha udogo kinaongeza dhihaka na mahaba kwa pamoja. Kulitanguliza neno hilo kwa "Bi" ni kulivika kilemba. Kila anapotajwa, mtazamaji anayesikia anapata dhihaka, mahaba na heshima kwa mkupuo mmoja, na anayesoma anapata jina tu.

Kusikia na kusoma

Yeyote aliyewahi kukaa katika onesho la wazi Ngome Kongwe, wakati wa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, anafahamu kwamba kicheko katika hadhira iliyochanganyika hakiji kwa wimbi moja. Msomaji wa maandishi ya tafsiri aghalabu humaliza sentensi kabla ya msemaji kuimaliza, hivyo hucheka mapema. Anayesikia husubiri neno la mwisho, kwa sababu katika mazungumzo ya Kiswahili, hususani ya wanawake watu wazima wa Unguja, neno la mwisho ndilo lenye ncha. Pia kuna pahali ambapo upande mmoja hucheka na mwingine ukabaki unaulizana. Uhakiki wa filamu haujazizingatia vya kutosha pengo hizi, ingawa ndizo zinazoonesha mahali ambapo filamu imepasuka.

Kwa nyimbo, hasara hiyo inajulikana. Muhogo wa Jang'ombe, wimbo unaohusishwa mno na Bi Kidude, hauwezi kuvuka kwenda lugha nyingine ukiwa mzima. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo ambao watu wanaufahamu, muhogo ni chakula cha kila siku, na juu ya yote hayo kuna fumbo ambalo watu wazima hulielewa na watoto huliimba bila kulielewa. Tafsiri inabakiza zao la shambani. Hata hivyo, upotevu wa fumbo katika wimbo haumdhulumu mtu yeyote. Mgeni atafurahia sauti, ile sauti yenye mikwaruzo iliyoweza kujaza uwanja, na ataondoka na kitu.

Madhara yanaanza katika mazungumzo ya kawaida, yale yanayoonekana hayana fumbo lolote. Chukua mfano wa neno dogo kuliko yote. Mzee wa Kiswahili akitembelewa akiwa hoi kitandani, akaulizwa hali, atajibu "sijambo", au atamshukuru Mungu, kisha atasema kwamba kichwa kinamsumbua kidogo. Akiulizwa kama anahitaji chochote atasema hapana. Akiulizwa kama anakaa vizuri na wenyeji wake, atasema vizuri, tena mbele yao. Majibu haya si uongo wala si taarifa. Ni adabu. Anayeyasikia huyachukua kama mlango, kisha husubiri: huangalia macho, hupima urefu wa kimya kinachofuata, husikiliza kama sauti imepanda au imeshuka, na baada ya hapo ndipo hujua mgonjwa anasema nini. Jibu halisi huja baadaye, pengine mtu wa tatu akiondoka chumbani, pengine halitoki kabisa.

Sasa jibu la namna hiyo liwekwe ndani ya filamu ambayo kitendawili chake kizima ni kama mzee huyu ni mgonjwa au mzima, kama yuko kwa hiari au kwa kushikiliwa. "Sijambo" ikifasiriwa chini ya picha kuwa hana tatizo lolote, inageuka ushahidi. Anayesoma anahesabu hoja moja kwa upande wa wanaotaka aimbe: mwenyewe amesema ni mzima. Na mzee akisema kwa mchoko kwamba wafanye wapendavyo, tafsiri itaandika idhini, ilhali anayesikia ametambua kukata tamaa. Kinyume chake pia hutokea. Ukali wa Bi Kidude, matusi yake ya utani na kufoka kwake, ambavyo kwa mwenyeji ni dalili kwamba bibi ana nguvu na yuko katika hali yake, vinaweza kusomwa kama dhiki ya mtu anayeteswa. Ndipo hoja ya makala haya inapopata uzito wake. Tafsiri isiyofikisha adabu ya lugha ina uwezo wa kumpa mtu hatia au kumvua, na watu hao si wahusika wa riwaya. Ni jamaa na marafiki wa marehemu, na bado wanaishi Unguja.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inampendelea mno mtazamaji mwenyeji, kana kwamba kila anayejua Kiswahili anamwelewa Bi Kidude. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo linalotoa mjadala nje ya Unguja.

Mtazamaji wa bara

Kikuyu ni eneo la jiji la Dodoma, lenye kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Pale wanaishi wafanyakazi wa serikali waliohamia na makao makuu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, wafanyabiashara kutoka kila mkoa, na Wagogo ambao jiji limewakuta. Wote wanazungumza Kiswahili. Wachache wanazungumza Kiswahili cha Bi Kidude. Mtazamaji wa Kikuyu anasikia kila neno, lakini maneno fulani yanapita naye hayajafunguka: lafudhi ya shamba, jina la kitu cha jikoni, fumbo la mtaa asioufahamu. Anacheka nusu sekunde baada ya wengine, au anacheka kwa sababu wengine wamecheka.

Huyu si yule mwenyeji wa Ngome Kongwe, wala si yule mgeni. Kama amesoma, hufanya jambo ambalo nadharia haikulitarajia: huyashusha macho kwenye Kiingereza ili aelewe Kiswahili. Na hapo hapo, kwa kuwa masikio yake hayajalala, huona kwamba Kiingereza kimesema kitu kingine. Ni mtazamaji wa pekee anayeiona filamu zote mbili kwa wakati mmoja na kuona zinavyoachana. Watafiti wa upokezi wamezoea kumtafuta mtazamaji mwenye umahiri mkubwa zaidi. Kwa suala hili, mwenye umahiri wa nusu ana manufaa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayelisikia pengo.

Mtazamaji huyo pia amerithi namna nyingine ya kuangalia filamu. Katika vibanda vya video Tanzania nzima, filamu za kigeni zimezoeleka zikiwa na sauti ya mfasiri wa Kiswahili juu yake, kazi iliyopewa umaarufu na marehemu Lufufu. Mfasiri wa aina hiyo hafichi kwamba yupo. Anaeleza, anatania, anamsema mhusika, anaongeza yasiyokuwemo, na hadhira inajua kwamba ameongeza. Inamjibu. Tafsiri ya maandishi, kwa upande mwingine, inajifanya haina mwenyewe. Inapita chini ya picha kama maji, na hakuna wa kumbishia. Si ajabu, basi, kama mtazamaji aliyelelewa na kibanda akaona filamu ya makala iliyonyamaza kuhusu mfasiri wake kuwa na ujanja zaidi, ingawa watu wa vyuo huona kinyume.

Hapa ile lawama nyepesi iliyotajwa mwanzoni inapata sura mpya. Jones amejiweka wazi ndani ya I Shot Bi Kidude. Anasikika, anaonekana, anakubali kwamba ana maslahi. Kwa kipimo cha kibanda, hilo ni jambo jema kuliko filamu ya makala inayozungumza kwa sauti isiyo na mwili. Mtazamaji anajua amkasirikie nani. Tatizo ni kwamba amejiweka wazi kama mwongozaji na mpelelezi, huku hadhira inayosikia ikimtaka ajiweke wazi kama mfasiri. Anayeuliza swali kwa lugha moja na kuandika jibu kwa lugha nyingine ana mamlaka makubwa kuliko aliyeshika kamera, na mamlaka hayo hayana uso katika filamu hizi. Swali la nani alimnyonya Bi Kidude, ambalo filamu inalielekeza huku na huko, linamrudia mwenye filamu pia, awe amelikusudia hilo au la.

Kwa mtazamaji wa Dodoma swali hilo halina ugeni. Mkoa huu ulimtoa Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, mpiga ilimba na zeze, aliyekwenda kuishi na kufundisha Bagamoyo, ambaye sauti yake ilisambazwa Ulaya na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na ambaye alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003. Mkoa huu pia una filamu yake, Africa: The Beat ya mwaka 2011, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali na waongozaji wa Kihispania, akiwemo mtafiti wa muziki Polo Vallejo. Filamu hiyo ilichagua njia nyingine. Haina msimulizi, inafuata mzunguko wa mvua na kazi, na kuwaacha Wagogo waimbe bila kuelezwa. Ni ya kupendeza mno. Lakini kunyamaza kwake kunazuia ugomvi: hakuna anayeulizwa swali, hivyo hakuna anayejibu kwa adabu ikageuka ushahidi. Mtu akilazimika kuchagua baina ya uzuri wa Nzali na karaha ya filamu ya Unguja, tahakiki inaelemea upande wa karaha. Filamu inayokosea hadharani inaweza kujibiwa.

Lipo jambo la mwisho ambalo Dodoma inaliona mapema kuliko pwani. Mshtuko wa hadhira nyingi kuhusu Bi Kidude umetokana na unyago kuoneshwa. Wanawake wa Kigogo wana muheme, ngoma inayobanwa miguuni na kupigwa kwa mikono, ambayo asili yake imefungamana na mambo ya wasichana kuingizwa utu uzima. Kwa miaka mingi sasa muheme umepigwa hadharani, kwenye sherehe za kitaifa, katika mapokezi ya wageni wa serikali, na kwenye tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino. Hapa ngoma ya siri ilikwisha kutoka nje zamani, wala haikutolewa na filamu. Kwa hiyo mtazamaji wa Chamwino hatarajiwi kuuliza kwa nini unyago umeoneshwa. Atauliza aliyepiga alilipwa nini, na nani alimwita. Hayo ndiyo maswali ya I Shot Bi Kidude hasa, na ni jambo la kusikitisha kwamba filamu za namna hii huzunguka kwenye matamasha ya pwani na ya nje, na bara hufika vipande vipande kwenye simu, bila ukumbi na bila watu wa kubishana nao.

Wapo watazamaji ambao utafiti wa upokezi haujawafikia kabisa: makungwi wenyewe, Unguja na Ugogoni, wanawake waliobobea katika ngoma na katika maneno yake. Tafiti zinapowachukua, huwachukua kama watoa taarifa kuhusu mila, si kama wahakiki. Ingefaa mtu awawekee filamu hizi mbili kwa mfuatano, sauti ikiwa wazi na maandishi ya tafsiri yakiwa yamefunikwa kwa karatasi, kisha anyamaze. Huenda wasizungumzie utekaji wala Mzungu. Mpiga muheme anayemtazama mpiga unyago ataanza na mikono: mkono upi unaanza, mkono upi unajibu, na mikono hiyo ya mwaka 2006 ilikuwaje kabla ya kulazwa juu ya shuka miaka michache baadaye.